ULIZA ANKO: Dumu la Chanika na bili ya Masaki

Anko shikamoo. Mi ni mama lishe huku Chanika, pembezoni mwa Dar, nina watoto wanne na kibanda changu cha wali maharage na chapati karibu na stendi. Ishu yangu ni maji. Kwa siku natumia dumu kumi, nyumbani na kwenye biashara, nanunua kwa jirani mwenye kisima sh 200 dumu, na umeme ukikatika pampu haivuti basi vijana wa guta wanaleta kwa 500 na huna la kusema. Na hapo ni maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, maharage yanagoma kuiva. Sasa mdogo wangu anafanya kazi za ndani Masaki kwa wenye hela, juzi ananiambia bosi wake alikuwa anafoka bili ya maji imekuja kubwa, kumbe wanalipa kama buku mbili hivi kwa uniti moja, nikamuuliza uniti ni dumu ngapi, hajui. Mume wangu anasema shida yetu watu wa uswahilini hatujui kubana matumizi. Anko niambie ukweli, hapa nani hajui kubana?
– Mama Lishe, Chanika

Marahaba mama. Ngoja nianze na hilo la uniti maana ndo kila kitu kimejificha humo. Uniti moja ni lita 1,000. Dumu lako ni la lita 20, kwahiyo uniti moja ni dumu 50, na dumu 50 kwa 200 ni sh 10,000. Yani wewe uniti unanunua elfu kumi na yule bosi anayefoka ananunua buku mbili. Dumu kumi kwa siku ni lita 6,000 kwa mwezi, uniti 6 tu. Unatoa 60,000, ungekuwa na bomba kwa bei hiyo ya Masaki ungetoa 12,000. Zinazobaki ni 48,000 kila mwezi, kwa mwaka ni laki tano na sabini na sita. Na hapo sijapiga hesabu ya siku za guta.

Mwonyeshe baba watoto hiyo hesabu, halafu muulize abane wapi. Lita 200 kwa siku kwa watu sita na biashara ya chakula juu, huko ni kubana mpaka mwisho, kuna bustani Masaki zinakunywa kuliko nyie wote.

Na hayo maharage usidhani ni utani. Maji ya chumvi yanachelewesha maharage kulainika, maana yake jiko linakaa muda mrefu, maana yake mkaa. Hiyo hela haiandikwi kwenye hesabu ya maji lakini imetokana na maji. Sabuni hivyo hivyo. Na kama kuna binti anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni ya kisima afu akafika darasani anasinzia, hiyo nayo iandike mahali.

Sasa kwanini iko hivi. Watu wengi watakwambia ni uzembe wa fulani, mi nasema fuata bomba lilikopita. Wajerumani mwaka 1891 walitoa kanuni za ujenzi zikaugawa mji wa Dar kwa aina ya nyumba, Waingereza wakaja wakaendeleza, ndo tukawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ya mtaa wa Wahindi na Waafrika wa Kariakoo. Bomba na taa na mifereji vilianza upande gani sina haja ya kukwambia. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu umejengwa 1959, miaka miwili kabla ya hapo sensa ilikuta mji una watu chini ya laki moja na nusu. Ruvu Chini ukafuata 1976. Bomba la Ruvu Juu linashuka na Morogoro Road mpaka matenki ya Kimara, la Ruvu Chini linakuja na Bagamoyo Road mpaka matenki ya Chuo Kikuu. Ramani yake unaiona? Kaskazini na magharibi. Huku kwenu kusini, Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika, mji ulikua bomba likiwa halijafika, na sensa ya 2022 imekuta mkoa una watu milioni 5.38. Ndo maana kila mtu kachimba chake, mwenye hela ya kisima akawa ndo mamlaka ya mtaa. Jirani yako simlaumu sana, kaweka hela yake, analipia umeme wa pampu, ila ukweli ni kwamba anauza kitu ambacho Masaki hakiuzwi, anauza ukaribu.

Kuna watu waliamini dawa ni kumpa mwekezaji. Mwaka 2003 huduma ya maji Dar ikaenda kwa kampuni ya City Water, Mei 2005 serikali ikavunja mkataba. Sitaki kurudi huko maana ni kesi ndefu, ila kumbuka jambo moja, mfanyabiashara ataanza na mteja mwenye mita inayolipa, sio wewe mwenye mchanga mlangoni na kiwanja ambacho hakijapimwa.

Kitu kingine ambacho watu hawakisemi, maskini ananunua reja reja kila kitu. Ukiwa na simtank ya lita 5,000 na hela mkononi unaita boza linajaza mara moja na uniti inaweza kushuka bei, ukiwa na 2,000 ya leo unanunua dumu kumi za leo. Umeme ndo hivyo hivyo. Tangu Januari 2022 kuunganishiwa umeme mjini, njia moja na bila nguzo, ni sh 320,960 wakati vijijini ni 27,000. Rudi kwenye ile 48,000 yako, ndani ya miezi saba umeshailipa hiyo laki tatu na ushee, ila imeenda kwenye madumu, na hakuna anayekuruhusu ulipe kwa hela ya miezi saba iliyopita.

Cha kufanya. Usiende peke yako. Kaeni kaya kumi au kumi na tano za mtaa wenu, mpitie serikali ya mtaa mpate barua, muulizeni mamlaka ya maji vitu viwili tu, bomba kubwa la karibu liko wapi na kuunganishwa mnaweza kulipa kidogo kidogo. Andikeni, msiende kwa mdomo. Na kama ni mpangaji, mmalizane kabisa na mwenye nyumba kuhusu mita kabla hamjachanga, maana nimeona wapangaji wanachangia bomba halafu mwezi wa tatu kodi inapanda kwasababu nyumba sasa "ina maji ndani".

*

Anko, mi bodaboda Kigamboni. Tumelipa tozo ya daraja miaka na miaka, ila nikipita Daraja la Tanzanite kwenda Oysterbay silipi hata mia. Inakuaje? Na je nihamie ng'ambo huko mjini?
– Dogo wa Kibada

Dogo, hela za kujengea zilitoka sehemu tofauti. Daraja la Nyerere hapo kwenu, mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016, NSSF iliweka asilimia 60 na serikali 40, na hela ya NSSF ni michango ya wafanyakazi lazima irudi, kwahiyo ikarudishwa na nyie mnaopita. Tanzanite, kilometa moja na kidogo, lilianza kutumika 2022, limejengwa kwa mkopo wa Korea Kusini na hela ya serikali, na mkopo analipa hazina. Hazina ni nani? Ni wewe ukijaza petroli. Kwahiyo la kwenu umelilipia getini na la Masaki unalilipia sheli. Kisheria kila kitu kimekaa sawa, ila aliyeamua daraja lipi liwe la kulipia na lipi la bure mi naona alijua ng'ambo ipi ina watu wa kupiga simu.

Kuhusu kuhama, umeniambia tozo, hujaniambia kama umepanga au umejenga. Kama umejenga, tulia hapo hapo usiuze, daraja limekupandishia bei ya kiwanja. Kama umepanga, hiyo bei imempanda mwenye nyumba wako na wewe utaiona kwenye kodi, kwahiyo niandikie tena na kodi yako ya 2016 na ya sasa tuone.