Jenga faharasa ya man kabla hujaihitaji

Seva ya Linux ilikuwa kwenye chumba kisicho na intaneti, na nilitakiwa kuondoka na faili ya logi yenye GB 6. Flashi niliyokuwa nayo ilikuwa na mfumo wa faili wa FAT32, ambao haupokei faili inayofika GB 4. Nilijua kuna amri ya kukata faili vipande, ila jina lake lilikuwa limenitoka. Amri ya `man` hufungua miongozo ya amri nyingine, na `-k` huifanya itafute neno kwenye maelezo mafupi ya miongozo hiyo. Nikaandika `man -k pieces`. Nikajibiwa: `pieces: nothing appropriate.`

Nikadhani miongozo haikusakinishwa. Nilipojaribu `man ls`, ukurasa ukafunguka bila shida. Hapo ndipo nilipoelewa: `man` huutafuta ukurasa moja kwa moja kwenye folda zake, lakini `man -k`, `apropos` (ambayo ni sawa na `man -k`) na `whatis` (ambayo huonyesha maelezo mafupi ya jina ulilolitaja) hutegemea faharasa, ambayo kwa kawaida hukaa `/var/cache/man`. Aliyeiandaa seva ile alizima ujenzi wake, nadhani ili usakinishaji wa programu uende haraka.

Dawa ni amri moja: `sudo mandb`. Hupita kwenye kurasa zote, huchukua jina na maelezo mafupi kutoka sehemu ya NAME, kisha huyahifadhi. Niliporudia swali, likaja: `split (1) - split a file into pieces`. Nikatumia `split -b 3G`, nikapata vipande viwili, na nilipofika kwenye mashine yangu nikaviunga kwa `cat`.

Kwa hiyo, ukikabidhiwa mashine yoyote ya Linux, jaribu `man -k` na neno lolote la kawaida siku ya kwanza, intaneti ikiwepo. Ikijibu `nothing appropriate`, endesha `sudo mandb`. Ukiona faharasa imeharibika, `sudo mandb -c` huijenga upya tangu mwanzo. Lakini kwenye kontena nyingi (mazingira madogo yaliyofungashwa ya kuendeshea programu) kurasa zenyewe huwa zimeondolewa ili kupunguza ukubwa, na hapo `mandb` haina cha kusoma.

Kuna jambo linalotuhusu sisi tunaofikiri kwa Kiswahili. Maelezo yale ni ya Kiingereza, na "kukata" kuna maneno mengi. Ningetafuta `cut` peke yake ningeangukia amri inayokata sehemu za kila mstari, kitu kingine kabisa. Siku hizi naandika maneno kadhaa kwa pamoja: `apropos -s 1 split cut pieces`. Hiyo `-s 1` hubakiza amri za mtumiaji tu. Matokeo yakizidi, `-a` hudai maneno yote yawemo.

Na skripti zako pia ziingie humo. Andika ukurasa mfupi, uweke `/usr/local/share/man/man1`, na chini ya NAME kuwe na mstari mmoja: jina, kisha `\-`, kisha maelezo. Kistari hicho kikikosekana, `mandb` hulalamika `whatis parse ... failed` na skripti yako haionekani kwenye utafutaji. Endesha `sudo mandb` tena, kisha `whatis` na jina la skripti. Mstari wako ukitokea, mwenzako wa zamu ya usiku ataipata bila kukupigia simu.