Barua kwa mwanangu kuhusu ile pikipiki yenye kilomita 92,000

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea baba yako kwa sauti. Unauliza jambo moja tu: je, kilomita 92,000 ni nyingi mno kwa pikipiki ya safari ndefu iliyokwishatumika? Umeeleza kwamba hiyo Yamaha FJR1300 ya mwaka 2014 imekuwa na mwenyewe mmoja tangu ikiwa mpya, kwamba masanduku yake ya pembeni yamechubuka yote mawili na kiti kimeshonwa upya, na kwamba mahali pengine umeona nyingine ya aina hiyohiyo na ya mwaka huohuo, yenye kilomita 8,000 tu, inayong'aa kana kwamba imetoka kiwandani jana. Baba yako alijibu kabla sijamaliza kusoma: "Achukue hiyo ya 8,000." Mimi nilinyamaza. Nimenyamaza mno kuhusu pikipiki katika maisha yangu, na ndiyo maana nimeona afadhali niandike.

Kuhusu kilomita nitasema machache, kwa kuwa si hizo zinazonitia wasiwasi. Injini ya namna hiyo, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,298, iliundwa kwa kazi ya kukimbia saa nyingi mfululizo katika barabara kuu, ikiwa imeshapata moto wake na bila kuhangaishwa na kuwashwa na kuzimwa kila baada ya mitaa miwili, na nguvu yake hufika gurudumu la nyuma kwa shafti, yaani mhimili wa chuma unaozunguka, kwa hiyo hakuna mnyororo wa kulegea na kulainishwa kila baada ya siku chache za safari. Kilomita 92,000 za namna hiyo si mzigo wa kutisha. Unachopaswa kumwomba muuzaji ni maandishi. Valvu za injini hiyo, vile vizibo vinavyoingiza hewa na kutoa moshi, hupimwa takriban kila kilomita 40,000, kwa hiyo yake zilipaswa kuwa zimepimwa mara mbili, na hapo ndipo wenye pikipiki wengi hukwepa, kwa sababu zikikutwa hazina nafasi inayotakiwa fundi hulazimika kutoa kamshafti, mhimili unaozifungua, ndipo azirekebishe, na malipo ya kazi hiyo si madogo. Ubaya wake ni kwamba injini haitamshitaki aliyekwepa: valvu zilizobana hazigongi, bali huifanya injini iwe tulivu kuliko kawaida, na mnunuzi husimama pale akiusifu utulivu huo. Uliza pia mafuta ya breki yalibadilishwa lini, kwa maana yanatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama pikipiki haikusogea, na uulize kuhusu oili ya gia za gurudumu la nyuma. Akikutolea daftari lenye tarehe na kilomita, hata likiwa na madoa ya grisi, tena hasa likiwa na madoa ya grisi, keti naye mlisome.

Kinachoiua pikipiki ni kukaa. Najua unatabasamu, kwa sababu neno hili umelisikia kwangu tangu utotoni, kuhusu cherehani ya bibi yako na hata kuhusu magoti ya mjomba wako, lakini sijawahi kukueleza nilikolipata.

Ile pikipiki yetu ya bluu unaikumbuka. Kisa chake unakijua kuanzia hospitalini, kwa kuwa wiki ile ulikuwa kwa shangazi yako na uliletwa kuniona nikiwa tayari nimefungwa plasta. Kwangu mimi kisa kilianzia kwenye banda la muuzaji, wiki tatu kabla. Ulikuwa mwaka 2012. Pikipiki ilikuwa ya mwaka 2001 na mita yake ilisoma kilomita 9,400, na ilikuwa imefunikwa shuka safi la kitanda, jambo ambalo baba yako alilichukua kuwa dalili ya mapenzi. Muuzaji alipolivuta lile shuka, baba yako hakusema neno kwa muda, na mimi niliyemjua nilitambua kwamba biashara ilikuwa imekwisha kabla ya bei kutajwa. Hakuwa amewahi kujinunulia kitu kikubwa. Kila kilichopatikana kilikwenda kwenye ada zenu na kwenye nyumba, na siku ile alikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu siku ulipozaliwa.

Muuzaji alituambia kwamba haijawashwa kwa zaidi ya mwezi. Wakati yeye na baba yako wameinama upande wa pili wakizungumzia masanduku, mimi niliweka kiganja changu kwenye ubavu wa injini, si kwa ujuzi wowote, bali kwa ajili tu ya kugusa kitu ambacho mume wangu alikuwa amekipenda. Ilikuwa na joto. Si joto la jua, kwa kuwa tulikuwa ndani na tangi la petroli lilikuwa baridi. Ilikuwa na joto la sufuria iliyoepuliwa nusu saa iliyopita.

Sikusema kitu. Hili hujawahi kulisikia, na baba yako pia hajawahi kulisikia, ingawa atalisikia leo jioni kwa kuwa nimeamua kumpa barua hii aisome kabla sijaituma. Nilijiambia kwamba mimi sijui pikipiki na kwamba huenda zinakaa na joto muda mrefu. Nilijiambia pia kwamba si vyema mke kumtia mumewe aibu mbele ya mtu mgeni. Kisha muuzaji akabonyeza swichi, injini ikaitika mara moja, na baba yako akanigeukia na kunikumbusha kwamba kizuri chajiuza.

Sasa najua kila mtu mwenye uzoefu anachokijua: anayeipasha injini moto kabla ya mnunuzi kufika anaficha namna inavyowaka ikiwa baridi. Injini baridi husema mengi katika dakika ya kwanza, kwa moshi wake na kwa mlio wa mnyororo mdogo ulio ndani ya injini yenyewe, na kwa jinsi inavyong'ang'ana au kukataa kabisa. Yetu ilikuwa imekaa miaka na petroli ileile, na petroli ikikaa huacha utando wa gundi katika vitundu vidogo vya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Asubuhi ya kwanza nyumbani ilimchukua baba yako karibu saa nzima kuiwasha. Alisema ni betri, na kweli betri nayo ilikuwa imechoka, akanunua mpya, akamwita fundi akasafisha kabureta, na tukaondoka kwa ile safari tuliyokuwa tumeiahidiana tangu hujazaliwa.

Siku ya kwanza, mwanangu, sitaki kuidhulumu. Ilikuwa moja kati ya siku nzuri kabisa nilizowahi kuishi. Kiti cha nyuma cha pikipiki ya safari ni kama kiti cha sebuleni kilichopewa upepo, na nilimshika baba yako kiuno kama msichana, na tuliposimama kujaza mafuta hatukuwa na la kusema zaidi ya kucheka. Ndiyo maana hasira yangu haijawahi kunyooka. Kila nikitaka kuichukia pikipiki ile, nakumbuka siku ile ya kwanza.

Siku ya pili ilinyesha. Hatukuwa tukikimbia. Tuliingia kwenye mzunguko wa barabara kwa mwendo ambao hata wewe na baiskeli yako ungeuona wa polepole, na gurudumu la nyuma likateleza kama sabuni. Tuliangushwa upande wa kushoto, na kifundo changu cha mkono kikavunjika mahali pawili. (Mkono niliougusia injini ulikuwa wa kulia, kwa hiyo usitafute fumbo lolote hapo.) Fundi aliyekuja kuichukua pikipiki alichuchumaa, akapangusa ubavu wa tairi kwa kidole, na kumwonyesha baba yako tarakimu nne: 0901. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lilitengenezwa wiki ya 9 ya mwaka 2001. Mifereji yake ilikuwa bado na kina cha kutosha, na ndiyo maana hakuna aliyelitilia shaka, lakini mpira ulikuwa umekauka na kuwa mgumu kama kwato, na ndani ya mifereji kulikuwa na nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi. Watengenezaji kadhaa wa matairi hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10 hata kama linaonekana zima. Lile lilikuwa limepita miaka 11, na kilomita 9,400 zilezile tulizozishangilia ndizo zilizolifanya lisichakae na kubadilishwa mapema.

Baba yako mpaka leo huliita tukio lile bahati mbaya. Mimi siwezi, kwa kuwa mtu anayeficha ubaridi wa injini anakuambia, kama ungetaka kumsikia, kwamba uangalie na kila kitu kingine, na mimi peke yangu ndiye niliyeambiwa.

Lakini sitaki nikupotoshe kwa ajili ya kidonda changu. Nimejibishana na nafsi yangu usiku mzima juu ya hiyo yenye kilomita 8,000. Inawezekana kabisa kwamba mwenyewe aliiwasha kila wiki na kuitembeza, akabadilisha matairi na mafuta kwa kalenda badala ya kwa mita, na kwamba ukiichukua utapata pikipiki mpya kwa bei ya kuukuu. Watu wa namna hiyo wapo. Shangazi yako ni mmoja wao. Na hiyo ya 92,000 inaweza kuwa imechoshwa na mtu mzembe ambaye kuchubua masanduku kwake ni tabia na si ajali ya mara moja. Beringi za shingo ya usukani huchakaa. Iweke kwenye stendi ya kati, mtu mwingine akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liinuke, kisha uzungushe usukani polepole kutoka upande hadi upande, na ukihisi kama unanasa kidogo pale katikati, ujue zinataka kubadilishwa. Futa miguu ya shokapu za mbele kwa kitambaa, uzikandamize mara kadhaa, uone kama zinatoa mstari wa oili. Namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu ilingane na ya kadi. Nakuandikia haya kana kwamba mimi ni fundi, nami nilijifunza yote nikiwa na mkono mmoja na muda mwingi wa kusoma.

Hata hivyo, hukuniuliza lile ambalo ningependa uniulize. Katika barua yako yote, yenye kurasa tatu, hukumtaja mkwe wangu hata mara moja. Je, ameketi kwenye kiti hicho cha nyuma? Pikipiki hiyo ina uzito wa kilo 289 kabla hamjaipanda. Ninyi wawili na masanduku yaliyojaa mtaukaribia mzigo wa juu ulioruhusiwa kabla hujafunga hema, na shokapu ya nyuma iliyolegea ataihisi yeye kwanza, wewe baadaye sana. Aliye nyuma hana usukani wala breki. Ana macho na mikono, na mdomo, ikiwa aliye mbele amemzoesha kuutumia. Baba yako hakuwahi kunikataza kusema. Hakuwahi kuniuliza tu, na mimi nikalifanya hilo kuwa katazo.

Kwa hiyo nenda naye. Usimwambie akae kwenye gari akusubiri, wala usimpe mfuko akushikie. Mwambie muuzaji mapema, kwa simu, kwamba ungependa kuikuta injini ikiwa baridi, na mtakapofika usikimbilie kuketi juu yake kama baba yako. Mwache mkwe wangu aizunguke kwanza.

Unataka nikuambie uchukue ipi. Nimeandika jibu hapa mara mbili na kulifuta mara mbili, kwa sababu mtakaoipanda ni ninyi, na kwa sababu sijaiona hata moja kati ya hizo mbili, na mama anayechagua pikipiki kwa barua hana tofauti na mume anayeichagua kwa shuka la kitanda. Najua kwamba kwa maneno yangu yote haya jibu umeshalibaini, na sitalikana. Lakini sijalisema.

Kesho nitakutumia kile kipimo cha upepo wa tairi kilichokuwa kwenye sanduku la ile ya bluu. Bado kinafanya kazi. Baba yako anaomba uandike tarakimu nne za kila tairi, za pikipiki zote mbili, umtumie. Ndiyo, amekwishaisoma barua. Amekaa uani tangu saa kumi na hajasema neno, ila alipoinuka kwenda kunawa aliuliza ni upande gani wa injini nilioushika.

Mimi mama yako