Hedifoni Mpya, Masikio Yale Yale: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi safari hii zinafanana: hedifoni za zamani zimekufa, zimenunuliwa nyingine, na mwenyewe hazipendi. Nimejibu zile zitakazosaidia wengi.

Hedifoni nilizotumia miaka mingi zimeharibika. Hizi mpya zinasifiwa kila mahali, lakini nyimbo ninazozijua zimepooza, besi hakuna. Nizirudishe?

Subiri kwanza. Hakikisha zimekukaa sawasawa. Kama ni za kuingiza sikioni, besi huvuja kwenye upenyo mdogo sana kati ya mpira na ngozi. Zisukume ndani taratibu kwa kidole huku wimbo ukiendelea. Besi ikirudi ghafla, mpira ndio haukufai. Kwenye boksi huwa mna mipira ya saizi nyingine, na wengi hawaigusi kabisa. Ijaribu yote, tena sikio la kulia linaweza kutaka saizi tofauti na la kushoto. Kama ni za kufunika sikio, tazama miwani na nywele. Mkono wa miwani ukinyanyua mto kidogo tu, besi imeshatoka.

Zikikaa vizuri na bado huridhiki, ujue kwamba hata zile za zamani zilikuwa na upande zinaoegemea. Hedifoni nyingi huongezwa besi makusudi kiwandani. Ukishaizoea, unaiona ndiyo wimbo wenyewe, na ukihamia kwenye zisizoongezwa unasikia pengo. Zitumie wiki moja hadi mbili, hizo tu, bila kuchomoachomoa ili kulinganisha. Kisha rudia wimbo ambao una gitaa la besi. Pale ulipokuwa unasikia mvumo mmoja mnene, huenda ukaanza kusikia noti moja moja na vidole vinavyohama kwenye nyuzi. Muda huo ukiisha na bado zinakukera, zirudishe bila kuona haya. Pesa ni yako na masikio ni yako.

Muuzaji ameniambia niziache zipige muziki saa 100 kabla ya kuzivaa ili "zifunguke". Ni kweli?

Si kweli. Anayezoea ni wewe, si hedifoni. Mito yake hulainika na kushika umbo la kichwa, na hilo hubadilisha sauti kidogo, lakini hailainiki ikiwa mezani. Na uangalie tarehe ya mwisho ya kurudisha bidhaa, kwa sababu saa 100 za kungoja zinakatwa humo humo.

Hedifoni gani ni nzuri?

Swali hili huletwa kila mara hivi hivi, bila neno la ziada. Unasikiliza nini? Wapi? Kwa simu au kompyuta? Unavaa miwani? Uwezo wako ni kiasi gani? Andika tena.

Waimbaji wakitamka "s" nasikia kama wembe. Je, hedifoni ni mbovu?

Huenda si mbovu. Tundu la sikio lenyewe hukuza sauti za karibu hezi 3,000 (hezi hupima wembamba wa sauti: zikiwa nyingi, sauti ni nyembamba), na kila mtu ana umbo lake, kwa hiyo hedifoni ile ile humchoma mmoja na kumpendeza mwingine. Makali ya "s" kwa kawaida hukaa kati ya hezi 5,000 na 8,000. Fungua ikwalaiza, yaani sehemu ya kupandisha au kushusha besi, sauti za kati na nyembamba, shusha eneo hilo desibeli 2 au 3 (desibeli hupima ukubwa wa sauti), uache hapo siku kadhaa. Nasema shusha. Wengi hukimbilia kupandisha kila kitu kingine hadi muziki unaanza kukwaruza, halafu lawama zinaangukia hedifoni. Na utumie ikwalaiza moja tu. Nimeona simu ambazo ya simu yenyewe, ya programu ya muziki na ya programu ya hedifoni zimewashwa zote, kila moja ikivuta kwake.

Nimelinganisha za rafiki yangu na zangu mpya. Zake ni bora mara mia. Nimepigwa?

Ulizisikiliza zote kwa ukubwa ule ule wa sauti? Hukusema, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kinachopiga juu zaidi, hata kwa desibeli moja, sikio hukiona ni kizuri zaidi. Tena mwaka 1933 watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti ikiwa chini, sikio hupoteza besi zaidi kuliko sauti za kati. Kwa hiyo hedifoni inayohitaji nguvu zaidi, ukiiacha kwenye alama ile ile ya simu, itasikika dhaifu na kavu ingawa haina kosa lolote. Sawazisha kwanza, ndipo uhukumu.

Hukuuliza hili, lakini nalisema: usitibu ugeni wa hedifoni kwa kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90, saa hizo zinashuka hadi 4. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Ukitoa hedifoni na masikio yanalia, umeshapita kiasi. Kama unasikiliza penye kelele, nunua zinazozuia kelele za nje ili usilazimike kushindana nazo.

Nikiingia kwenye mkutano kwa kompyuta, muziki na sauti za watu zinakuwa kama simu ya zamani.

Bluetooth ikilazimika kubeba na maikrofoni, mara nyingi hushusha ubora wa unachosikia. Chagua maikrofoni ya kompyuta, uache hedifoni isikilize tu.

Tangu nibadilishe, upande wa kushoto unasikika kidogo.

Zigeuze, ya kulia uvae kushoto. Udhaifu ukihamia kulia, kosa ni la hedifoni au la mpangilio wa pande kwenye simu: kagua mpangilio, kisha dai dhamana. Ukibaki kushoto, ni sikio lako. Huenda ni nta, na usiingize kijiti cha pamba, kwani huisukuma ndani zaidi. Lakini kama usikivu ulishuka ghafla, ndani ya saa chache au siku moja mbili, nenda kwa daktari leo hii. Upotevu wa ghafla una matibabu, na kila siku unayochelewa inapunguza nafasi ya kupona.