Maswali na Majibu: Baridi, Mvua, Upepo na Hewa Tunayovuta

*Julai hapa Embakasi moshi wa asubuhi huwa mzito kuliko wa Aprili. Magari yanaongezeka? Nauliza kwa sababu hukimbia alfajiri nikiamini ndipo hewa ni safi.* – Msomaji, Nairobi

Magari ni yaleyale. Kinachopungua ni nafasi ya moshi kupanda. Siku ya jua kali ardhi hupata joto, hewa iliyo karibu nayo huinuka, na moshi wa matatu, majiko na takataka zinazochomwa huchanganyika na hewa nyingi, pengine hadi kilomita moja na zaidi kwenda juu. Julai mawingu hukaa Nairobi siku nzima, ardhi haipati joto la kutosha, na hewa haipandi mbali. Usiku ndiyo balaa. Ardhi hupoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi na nzito, na ile yenye joto zaidi iliyo juu inaifunika kama kifuniko cha sufuria. Chochote kinachofuka chini kinabaki chini.

Kwa hiyo hiyo alfajiri yako inakudanganya. Moshi wa jana jioni bado upo, na ikifika saa kumi na mbili matatu huanza kuongeza wa leo kabla jua halijafanya kazi yake. Ukiweza, kimbia saa nne au saa tano asubuhi. Usipoweza, endelea na alfajiri, ila pita njia za ndani za mitaa na uachane na kando ya barabara ya Outer Ring.

*Mvua ikinyesha hewa inasafika kabisa?* – Msomaji, Kampala

Nusu nusu. Matone hunasa vumbi la barabara na kulilaza chini, na udongo uliolowa hautimki tena boda boda zikipita. Ndiyo maana Kampala hupata nafuu msimu wa masika na hali huwa mbaya Desemba hadi Februari, kisha tena Juni hadi Agosti. Lakini chembe laini za moshi, zile ziitwazo PM2.5, upana wake haufiki hata sehemu ya ishirini ya unywele mmoja, na nyingi hulikwepa tone linaposhuka. Mvua ikikatika, majiko yakawashwa na foleni ikarudi, saa chache zinatosha kuzirudisha. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linapendekeza wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 za chembe hizo kwa mita moja ya ujazo wa hewa. Kampala huvuka kiwango hicho mara kadhaa, masika yakiwemo. Ukitaka kujua mtaa wako ukoje leo, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umetundika vipimo sehemu nyingi za mji, na vingine vimewahi kufungwa kwenye boda boda zenyewe.

*Asubuhi tulikuta mbuzi amekufa kwenye shimo, hana jeraha. Mchana watu wanapita palepale bila shida. Ni uchawi?* – Msomaji, Goma

Hapana, ni mazuku, yaani hewa ya kuua inayojikusanya mashimoni, na nashukuru umeuliza kabla ya mtoto kuingia humo. Ardhi ya volkano inayozunguka Nyiragongo na Nyamulagira hutoa hewa ya ukaa kupitia nyufa. Hewa hiyo ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, basi hutiririka kuelekea mabondeni na kujaa kwenye mashimo. Usiku hakuna jua, upepo umetulia, hakuna cha kuikoroga. Mchana joto na upepo huitawanya, na shimo lilelile linaonekana halina neno.

Haina rangi, na huwezi kuitegemea pua ikuonye. Mtoto yuko hatarini kuliko mtu mzima kwa sababu kichwa chake kiko karibu na ardhi. Na tafadhali, msishuke kumtoa mbuzi. Waliokufa wakifuata mnyama au ndugu aliyeanguka si wachache.

*Sisi Dar tuna bahari. Hayo yanatuhusu?* – Msomaji, Kariakoo

Kwa mchana, bahari inawabeba kweli. Upepo wa baharini huanza asubuhi jua likipanda na kusukuma moshi wenu bara, kuelekea Ubungo na Kimara, ambako sidhani kama wanawashukuru. Usiku upepo hulegea, na anayeishi karibu na jalala linalochomwa anajua mwenyewe.

*Viongozi wakiulizwa, wanasema ni hali ya hewa tu. Ni kweli?* – Msomaji, Nakuru

Hiyo ni nusu ya habari. Tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, hewa baridi ilitulia juu ya London bila upepo na kuufungia chini moshi wa makaa ya mawe. Hesabu za awali zilikuwa vifo 4,000. Watafiti wa baadaye walikadiria hadi 12,000. Mwaka 1956 Bunge likapitisha sheria ya kudhibiti moshi. Baridi tulivu za namna ile zimeendelea kuja London, lakini moshi wa kufungiwa ukawa umepungua.

*Moshi wa moto wa misitu ya Kanada unatufikiaje huku mbali?* – Msomaji, Minneapolis

Joto la moto huurusha juu sana, pepo za huko zikausafirisha hata maelfu ya kilomita. Unaweza kupita juu yenu bila harufu, kisha hewa inayoshuka ikauteremsha mitaani. Juni 2023 anga la New York liligeuka rangi ya chungwa kwa njia hiyo. Jinsi tabianchi inavyozidi joto, misitu inakauka mapema na kuwaka kirahisi, basi tegemeeni kuuona tena. Siku hizo fungeni madirisha. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe laini, tafuteni N95.

*Na baridi hii, naweza kuingiza jiko la mkaa chumbani nikishafunga madirisha?* – Msomaji, Limuru

Usithubutu. Mkaa hutoa kaboni monoksidi hata moshi usipoonekana, nayo haina harufu. Ota moto nje, kisha liache jiko nje mnapokwenda kulala, hata kama makaa yanaonekana yamekuwa majivu.