Maswali ya Wasomaji: Vidokezo vya Wavuti Vihifadhiwe Wapi?

SWALI: Tunajenga seva ya kutunza vidokezo ambavyo wasomaji wanabandika kwenye kurasa za wavuti. Tunafuata muundo wa W3C (shirika linaloweka viwango vya wavuti), yaani JSON-LD, aina ya JSON inayounganisha data kwa anwani za wavuti. Mwenzangu anashikilia kwamba, maadamu hizi ni data zilizounganishwa, lazima zikae kwenye hifadhidata ya grafu (inayotunza data kama nodi na viungo kati yake) inayojibu SPARQL, lugha ya kuuliza data za namna hiyo. Mimi naona PostgreSQL, hifadhidata ya kawaida ya majedwali, inatosha. Tufanyeje?

JIBU: Anzeni na PostgreSQL. Viwango vya W3C vya Februari 2017 vinaeleza kidokezo kina umbo gani na seva ikipokee na kukitoa vipi kwa HTTP. Namna ya kukitunza kwenye diski mmeachiwa wenyewe. Data zenu zinabaki zimeunganishwa ilimradi kila kidokezo kina anwani yake inayofunguka na JSON-LD inayotoka ni sahihi.

Angalieni ombi litakalokuja mara nyingi kuliko yote: "nipe vidokezo vyote vya ukurasa huu." Faharasa ya kawaida inalimaliza. Grafu inaanza kulipa pale mnapotaka kuvuka kutoka kidokezo hadi data za nje, kwa mfano kutafuta vidokezo vinavyomtaja mtunzi yeyote wa karne fulani. Msipokuwa na maulizo ya namna hiyo, mtabeba mzigo bure: kiteuzi cha maandishi (sehemu ya kidokezo inayoonyesha ni maneno gani ya ukurasa yanahusika) kwa kawaida ni nodi isiyo na jina, yaani isiyo na anwani yake, kwa hiyo mkifuta kidokezo bila kuzifuata nodi zake, masalia yanabaki. Kuirudisha JSON-LD katika umbo alilolituma mteja nako ni kazi ya ziada. Mkilazimika kutumia seva ya grafu kama Apache Jena Fuseki, kipeni kila kidokezo grafu yake yenye jina ili kukifuta iwe ni kuitupa grafu nzima, na mpange kuibana hifadhi yake ya TDB2 mara kwa mara, maana diski yake huvimba kwa kila uandishi.

Kwenye PostgreSQL, jedwali la kwanza liwe na anwani ya kidokezo, waraka wenyewe katika safu ya `jsonb` (aina ya PostgreSQL ya kutunza JSON), namba ya toleo na alama ya kufutwa. Jueni kwamba `jsonb` haitunzi mpangilio wa funguo; kama waraka una sahihi ya kidijitali, wekeni pia maandishi yake ghafi.

Jedwali la pili, la shabaha, ndilo wengi wanalolisahau. `target`, yaani shabaha au kile kinachowekewa kidokezo, inaweza kuwa anwani tupu, kitu chenye `id`, kitu chenye `source`, au orodha inayochanganya vyote hivyo. Ukitegemea faharasa ya GIN (inayotafuta ndani ya JSON) juu ya waraka mzima na kutafuta umbo moja tu, mengine yanakupita bila kosa lolote kuonekana. Chambueni wakati wa kuandika: kila shabaha safu mlalo yake, sehemu ya kuanzia alama ya # ikiwa imekatwa (waraka wenyewe msiuguse). Faharasa ijengwe juu ya SHA-256 ya anwani (alama fupi ya urefu usiobadilika inayokokotolewa kutoka kwenye anwani), kwa kuwa B-tree, faharasa ya kawaida ya PostgreSQL, hukataa thamani inayozidi takriban baiti 2700, na anwani ndefu hivyo zipo.

Mteja akituma kidokezo chenye `id` yake, inakilini kwenye `via` (sehemu inayoonyesha kidokezo kilikotoka) kisha mweke `id` yenu. Sehemu ya `canonical`, yaani anwani rasmi ya kidokezo, isibadilishwe kamwe. Kwa PUT (ombi la kubadilisha kidokezo), ETag, yaani alama ya toleo, iliyokuja katika kichwa cha ombi cha If-Match ilinganishwe na toleo ndani ya amri ileile ya UPDATE. Ikigusa safu mlalo sifuri wakati kidokezo kipo, jibuni 412 (sharti la ombi halikutimia). Mkisoma kwanza halafu mkaandika baadaye, wahariri wawili watafutiana kazi. Anwani iliyofutwa ijibu 410 (imeondolewa), isigawiwe tena. Faili la muktadha la W3C, linaloeleza maana ya funguo za JSON-LD, kaeni na nakala yake kwenu. Kulivuta mtandaoni kwa kila ombi ni kuifunga seva yenu kwa seva nyingine.

SWALI: Nafasi za herufi tulizohifadhi zinasogea kidogo kwenye baadhi ya kurasa. Hifadhidata ndiyo inayokosea?

JIBU: Hapana, anayekosea ni anayehesabu. JavaScript, lugha ya vivinjari, huhesabu vipande vya UTF-16 (namna ya kuandika herufi kwa vipande vya biti 16), hivyo emoji moja mara nyingi huhesabiwa kama mbili au zaidi. Kiwango kinataka nambari za herufi za Unicode, kuanzia 0, na herufi ya nafasi ya `end` haimo. Badilisheni hesabu upande wa kivinjari kabla ya kutuma. Pamoja na nafasi, hifadhini TextQuoteSelector, yaani kiteuzi kinachonukuu maneno yenyewe, yenye `prefix` na `suffix` (maneno yaliyotangulia na yanayofuata): ukurasa ukihaririwa, namba hupotea lakini nukuu mara nyingi bado hupatikana.