Anti, wifi yangu wa Dar nimpeleke wapi akale?

Shikamoo Anti. Wifi yangu anakuja toka Dar wiki ijayo, ni mtu wa mahoteli yule, akifika kwa mtu swali la kwanza "hapa mnakulaga wapi?" Mi nakaa Uyole na kusema kweli sijaona mgahawa wa kumringishia. Nimpeleke wapi asije akanisema ukweni?
*Mke mwenzenu, Uyole*

Marahaba mwanangu. Kwanza punguza presha. Mtu aliyeshinda kwenye basi toka Dar, kapanda Kitonga, kapita Makambako, anashuka Mbeya na kile kibaridi chetu, huyo siku ya kwanza hataki mgahawa, anataka supu ya moto na blanketi. Mpikie wewe.

Kesho yake mpeleke Mwanjelwa mchana, ila achana na zile sehemu zenye picha za chakula ukutani. Tafuta mama ntilie ambaye makonda na wabeba mizigo wanamsubiri wamesimama, maana hao hela yao ya jasho hawaichezei, wakikaa sehemu ujue pana wali umeiva na maharage yana rojo. Akinuna kwa sababu ya benchi, we agiza tu, sahani ikifika atanyamaza.

Alafu kama nauli ipo, hapo Uyole si ndo njia panda ya Tukuyu? Pandeni gari asubuhi. Isyonje ataona viazi vimepangwa kwenye ndoo pembeni ya barabara, baadae mashamba ya chai, mvua huenda ikawakuta maana Rungwe haibembelezwi kwa mvua. Mkifika kuleni ndizi za nyama, zile za Kinyakyusa zilizopikwa taratibu mpaka mchuzi umekuwa mzito wenyewe bila unga wala nini, na parachichi pembeni limekatwa nusu na chumvi kidogo. Dar parachichi ananunua moja moja tena anabembeleza muuzaji, huku atalila mpaka aombe maji. Na mchele wa Kyela mfungashie, ila usinunue gunia kwa kusoma maandishi ya mfuko, siku hizi kila mchele "umetoka Kyela". Nunua nusu kilo kwanza upike, ule wenyewe jirani atajua umepika kabla hujafunua sufuria.

Anti mambo. Mi mwanachuo hapa Iringa, nimetokea Moro. Maharage yangu hayaivi! Moro nilikuwa naweka jikoni naenda kuoga narudi yameiva, hapa mkaa unaisha bado yanagonga meno. Wenzangu wananicheka. Shida maji au maharage?
*Mpishi wa geto, Iringa*

Poa mwanangu, ingawa mtu wa umri wangu ungeniamkia tu.

Shida ni mlima. Iringa mjini uko juu zaidi ya mita 1,500 toka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda hewa inapungua uzito, kwahiyo maji yanachemka mapema kabla hayajapata joto lote. Moro yanachemkia kwenye nyuzi 98 hivi, hapo kwako ni kama 95, na ukishaona yanatokota ujue ndo mwisho wake, hata uongeze mkaa joto halipandi, yanakauka tu fasta. Yani unapika kwa moto mkubwa ila maharage yanapata joto dogo, ndo maana hata sisi Mbeya, ambao tuko juu zaidi yenu, maharage tunayaheshimu.

Loweka toka usiku, mwaga yale maji, chemsha na mfuniko umekaza na moto wa wastani. Nyanya na ndimu weka yakishaiva kabisa, uchachu unayafanya yagome. Magadi yanasaidia ila kidogo mno, ukizidisha utakula sabuni. Mwenye presha kuka mumbembeleze, mle ndani mvuke ukibanwa maji yanapita hata nyuzi 100 na mlima hauna lake. Na uliza muuzaji kama ni ya msimu huu, maharage yaliyokaa sana stoo hata ukiyaombea hayalainiki.

Anti we unatujibu tu sisi, haya na wewe tuambie mlo wa hotelini ambao hujausahau.
*Mdadisi, Makambako*

Matema. Kijihoteli cha makuti ufukweni Ziwa Nyasa, milima ya Livingstone imesimama nyuma, menyu hamna, unaambiwa tu kilichovuliwa. Siku hiyo ni mbasa, huyu samaki mvua zikija anapanda mito kwenda kutaga, nyama yake ina mafuta yake mwenyewe, wakamchoma na chumvi na ndimu basi. Wali wa Kyela, na mchuzi wa nyanya uliopikwa kwenye chungu cha Wakisi, vile vyungu akina mama wa Ikombe wanavifinyanga wanavileta kuuza Matema. Nilisubiri mpaka nikaanza kuwasema moyoni, ila kilipoletwa nilikula na mkono na sikuongea na mtu. Nimekula mbasa mjini baada ya hapo, amesafiri kwenye barafu, mpishi kaweka na viungo sita, sikumaliza.

Chipsi mayai ni chakula cha usiku au ni uvivu?
*Kapera, Njombe*

Uko Njombe kwenye viazi vyenyewe unaniuliza mimi? Kula. Ila omba avikaange upya, usikubali vile vilivyolala kwenye kabati la kioo toka saa kumi.

Anti, ulanzi unaenda na chakula gani?
*Mhehe halisi, Mafinga*

Ule wa asubuhi, umetoka kugemwa kwenye mwanzi na bado mtamu, kunywa hata na kiazi cha kuchemsha. Uliolala ni mkali, huo tafuta nyama ya kuchoma, mbuzi au kitimoto kwa anayekula, na ule kwanza ndo unywe. Kama unaendesha gari kunywa chai, si mko Mufindi nyie.