Pedi za hedhi za mwani: maswali yenu

Tunalima mwani wa spinosamu, Paje, Zanzibar. Tukiikausha na kuisaga, tunaweza kuijaza ndani ya pedi?

Hapana. Unga huo hubaki na chumvi, mchanga na ukungu, na ukilowa hugeuka ute. Isitoshe, nyuzi za pedi za mwani hutokana na aljineti, dutu ya ute iliyomo kwenye mwani wa kahawia kama sagasamu. Spinosamu na kotonii ni mwani mwekundu; hutoa dutu nyingine ya ute, karajinani.

Tumenunua unga wa sodiamu aljineti. Inafanya mabonge, na uzi ukikauka unakuwa kama waya.

Mabonge yanaletwa na maji. Visima vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yamejaa madini ya kalisi, na kalisi ndiyo huigandisha aljineti. Kwa majaribio, maji ya mvua yaliyokingwa safi yanatosha. Nyunyizeni gramu 20 za unga kwa lita 1 ya maji, kidogo kidogo, mkikoroga. Mkimwaga unga wote kwa mpigo, nje utalowa na ndani utabaki mkavu. Acheni mchanganyiko ulale usiku mzima mapovu yatoke, kwani povu moja tu hukata uzi. Kisha sukumeni kwa bomba la sindano, polepole, ndani ya beseni la kalisi kloraidi, gramu 50 kwa lita. Uzi huganda papo hapo.

Uwaya unatokana na kuanika uzi ungali na maji: yakikauka, nyuzi hung'ang'aniana. Suuzeni, lowekeni mara mbili kwenye spiriti (mbali na moto!), ndipo muanike kivulini. Nyuzi hizi ni za kupima tu, msizivae.

Mbona uzi unanyonya maji ya bomba kidogo sana?

Kwa sababu mmepima kwa kitu kisichofanana na damu. Sodiamu ya damu huchukua nafasi ya kalisi iliyo kwenye uzi, ndipo uzi unavimba. Pimeni kwa gramu 9 za chumvi katika lita 1 ya maji.

Karajinani basi iwe tabaka la chini la kuzuia uvujaji?

Itavuja. Hulainika ikilowa.

Sponji za kuogea za Jambiani zinaweza kutumika badala ya tamponi?

Msithubutu. Vitundu vyake huficha mchanga na bakteria, na vipande hukatika vikabaki ukeni. Kuchemsha nako hakusaidii: sponji hunywea na kukakamaa. Marekani haziruhusiwi kuuzwa kwa hedhi bila kibali cha mamlaka ya chakula na dawa.